Alhamisi tatu za mume wangu

Mpenzi msomaji, sijui wewe ungefanya nini. Mume wako ameoga, amevaa suti yake ya kijivu, amefunga tai, amepiga viatu rangi hadi vikang'aa, kisha akakuaga kwamba anakwenda mkutanoni. Muda mfupi baadaye simu ya nyumbani inalia. Unaiinua na kusikia sauti ya kiungwana ikikuuliza, "Mama, hamjambo hapo? Tunamwulizia mzee. Hii ni Alhamisi ya tatu hatumwoni mkutanoni. Je, ni mgonjwa?"

Mimi nilijibu kwamba yuko kitandani, anaumwa na malaria. Uongo huo ulinitoka upesi hata mwenyewe nilishangaa. Katibu wa klabu akaniambia pole, akanisihi nimfikishie salamu, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kidogo kwamba kanuni hazimruhusu mwanachama kukosa mikutano minne mfululizo bila udhuru. Nikamshukuru, nikaweka simu chini, nikaketi juu ya kochi na ungo wa maharagwe mapajani. Sikuchagua hata punje moja.

Hiyo ilikuwa Agosti 1999, hapa Nakuru. Shule zilikuwa zimefungwa, nami mwalimu wa shule ya msingi nilikuwa nyumbani na watoto. Laiti simu hiyo ingelia wakati wa muhula, nisingejua lolote.

Naomba nirudi nyuma kidogo ili unielewe. Mume wangu alikuwa mhasibu katika kiwanda kimoja mjini, na mwaka 1994 rafiki yake alimwalika katika klabu ya Rotary. Huko huendi kujiandikisha mwenyewe kama unavyojiandikisha maktaba. Ni lazima mwanachama akualike, wenzake wakukubali. Walikuwa wakikutana kila Alhamisi saa sita na dakika arobaini na tano mchana katika hoteli moja, wanakula pamoja, wanamsikiliza mgeni wa siku, na saa nane kamili kila mtu anarudi kazini kwake.

Sitakuficha kwamba mwanzoni niliidharau. Nilidhani ni mahali pa mabwana wenye vitambi kushindana kwa suti. Tena niliposikia kwamba mwenyekiti wao anaitwa rais, nilicheka hadi nikashika mbavu. Na sisi wake je? Katika klabu nyingi ulimwenguni tulipewa jina moja sote, "Rotary Ann", utadhani tulibatizwa siku moja na padri mmoja. Kwa miaka mingi mwanamke hangeweza kuwa mwanachama. Mlango ulifunguliwa baada ya kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1987, kutokana na klabu moja ya huko California iliyowaingiza wanawake na kufukuzwa kwa kosa hilo. Mwaka 1989 sheria ikabadilishwa kwa klabu zote. Kwa hivyo mume wangu alipoingia, wanawake walikwisha ruhusiwa, ingawa katika klabu yake walikuwa wawili tu.

Lakini nilianza kuzipenda Alhamisi kwa sababu ya hadithi alizorudi nazo jioni. Akiingia tu, watoto walimzunguka. Leo nani katozwa faini? Huko, msomaji wangu, kuna mtu anayeitwa sajenti. Kazi yake ni kulinda nidhamu na kuchekesha watu. Anapita na mkebe akikutoza faini kwa kuchelewa, kwa kusahau beji, kwa picha yako kutokea gazetini, hata kwa kununua gari jipya bila kuwaambia wenzako. Kisha huja shilingi za furaha. Mwenye habari njema anasimama, anaisema, anatia chochote mkebeni. Mmoja bintiye kafaulu mtihani, mwingine ng'ombe wake kazaa mapacha. Mume wangu aliwahi kutoa shilingi hamsini kwa sababu mimi nilikuwa nimepandishwa cheo. Nilijifanya kukasirika kwamba hamsini hizo zingenunua maziwa, ila moyoni nilijisikia malkia.

Alinieleza pia asili ya mambo hayo. Jamaa mmoja wakili, Paul Harris, alikuwa amelelewa katika kijiji cha Vermont, akahamia Chicago kutafuta maisha. Jiji likamchosha kwa upweke. Watu tele, rafiki hakuna. Nadhani wengi wenu mnaoishi Nairobi na Mombasa mnaijua hali hiyo bila kufundishwa. Basi tarehe 23 Februari 1905 aliketi na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi, na fundi cherehani. Walikubaliana kukutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na ndipo lilipotoka jina Rotary, yaani mzunguko. Nilipolisikia hilo nilimwambia mume wangu, "Hiyo si merigoraundi yetu ya kina mama?" Akacheka. Nami sikuwa nikifanya mzaha. Chama chetu cha wanawake kumi na wawili kilikuwa kikikutana Jumamosi, leo kwangu, wiki ijayo kwa jirani, chai na viazi vitamu mezani, na aliyechelewa akilipa faini ya shilingi kumi. Tofauti ni kwamba sisi hatukuwa na kengele wala tai. Klabu ya kwanza ya Rotary hapa Kenya ilianzishwa Nairobi mwaka 1930. Bibi zetu walikuwa wakilimiana mashamba kwa zamu tangu zamani hizo na kabla yake, bila mtu kuwapa beji.

Jambo moja katika hadithi zake linahusu kisa hiki. Siku hizo kila mwanachama aliingia klabuni kwa kazi yake. Huyu ni daktari wa meno, yule ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yule mkulima wa pareto. Kiti chako kilikuwa na jina la kazi yako, na haikuruhusiwa watu wa kazi moja kujaa. Mume wangu alishika kiti cha uhasibu wa viwanda. Basi mwishoni mwa 1998 kiwanda kikapunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwa walioondolewa. Alipewa barua Ijumaa, na Jumatatu akawa hana pa kwenda.

Sitaki kukuchosha kwa habari za ukosefu wa kazi. Walioonja wanajua. Malipo ya kuachishwa yaliliwa na karo na deni la ushirika. Tukabaki na mshahara wangu wa ualimu na vitanda vya sukuma wiki nyuma ya nyumba, ambavyo alivipalilia kwa bidii kama mtu anayeadhibiwa. Siku sita za juma alivaa kandambili. Siku ya Alhamisi tu ndiyo aliyovaa suti. Nami niliishukuru sana klabu ile, maana niliona kwamba ilimpa siku moja ya kuwa yule mtu niliyeolewa naye.

Sasa unaelewa kwa nini simu ile ilinivunja miguu?

Nilifikiri yale ambayo hata wewe umeyafikiri. Mwanamke. Mume hana kazi, anavaa vizuri siku moja kwa wiki, anarudi saa tisa akiwa mkimya, na hadithi za sajenti zimepungua. Kumbe huko hafiki! Juu ya televisheni yetu palikuwa na kadi ndogo iliyoandikwa yale maswali manne ya Rotary ambayo mwanachama hujiuliza kabla ya kusema au kutenda: kama ni kweli, kama ni haki kwa kila anayehusika, kama litajenga urafiki, na kama litawafaidi wote. Niliitazama kadi hiyo kwa hasira. Halafu nikakumbuka malaria niliyoibuni kwenye simu, nikaacha kuitazama.

Aliporudi sikusema kitu. Nilimpakulia chakula akakila chote, na hilo peke yake lingetosha kunifumbua macho. Mtu aliyetoka kula hotelini huwa hali githeri sahani mbili.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa ya nne. Alipofika kona ya barabara nikamwachia binti wa jirani watoto, nikajitanda leso kichwani, nikachukua mkoba, nikamfuata. Naona haya kukueleza, lakini nilimfuata mume wangu mjini kama askari kanzu. Alikwenda kwa miguu ili asilipe matatu. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno nitakayomwambia huyo mwanamke.

Mume wangu hakuelekea hotelini wala kwa mwanamke yeyote. Aliingia Nyayo Gardens, akatafuta benchi chini ya mti, akatandika gazeti kuukuu ili suti isichafuke, akaketi. Akatazama saa. Baada ya muda akatazama tena. Watu walipita, mpiga picha akamjia, akakataa kwa kutikisa kichwa. Nilisimama nyuma ya mti nikimwangalia pengine dakika ishirini. Hakusoma, hakuzungumza na mtu. Alikuwa akingoja mkutano wa watu wengine uishe ili arudi nyumbani.

Maneno yote niliyopanga yakanipotea. Nilikwenda nikaketi kando yake. Hakuruka wala kushtuka. Alisogea tu kidogo kunipa nafasi juu ya gazeti.

"Umejuaje?" akaniuliza.

"Katibu alipiga simu. Nimemwambia una malaria."

Alinyamaza kitambo. "Mama, sahani moja pale ni matumizi ya jikoni kwetu siku mbili. Na ada ya nusu mwaka sijalipa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungetoa pesa za chama chako."

Kweli ningezitoa. Kwa hakika zilikuwa mkobani wakati huo huo, kwa kuwa Jumamosi iliyotangulia ilikuwa zamu yangu. Lakini kumbe pesa hazikuwa jambo lote. Aliniambia kwamba Alhamisi ya mwisho aliyohudhuria, mkebe wa shilingi za furaha ulipomfikia, alitafuta habari njema moja ya kusema akaikosa. Jirani yake akamtania kwamba leo bwana mhesabu anafanya ubahili, watu wote wakacheka. Hawakumaanisha ubaya. Walimtania hivyo miaka yote, naye alicheka nao. "Nilipokuwa na mshahara ulikuwa mchezo," akasema. "Siku hiyo haukuwa mchezo. Tena nikajiuliza, kiti changu ni cha nini? Mhasibu wa kiwanda gani?"

Msomaji, mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimwambia kwamba ikiwa watu hao hula naye miaka mitano na hawawezi kuketi naye akiwa hana kazi, basi heri tujue leo. Nikamshika mkono wa koti tukainuka. Alikataa, nikamvuta. Akasema mgeni naye hulipiwa chakula, nikamwambia nitakunywa maji. Ilikuwa yapata saa saba na dakika kumi.

Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na meza ndogo ambapo beji hupangwa kila wiki, kila mwanachama anachukua yake anapoingia na kuirudisha anapotoka. Wote walikuwa wamechukua zao. Juu ya kitambaa cheupe ilibaki beji moja, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la mume wangu. Wiki nne mtu fulani alikuwa akiitoa sandukuni, akiipanga, kisha akiirudisha. Hadi leo sijui kwa nini jambo hilo ndilo lililoniliza, wala si lile benchi.

Tuliingia wakiwa wanakula. Sajenti, baba mmoja mnene mwenye duka la spea za magari, alisimama mara moja akatangaza faini mbili: ya kuchelewa, na ya kuwanyima wenzake uso wa mke mzuri miaka mitano. Nilitoa shilingi arobaini katika pesa za chama, na ndizo pesa pekee alizonikubalia. Pale mbele palikuwa na kengele ya shaba na nyundo yake, na ukutani vibendera vidogo vya klabu za nchi nyingine walivyobadilishana na wageni. Mgeni wa siku alikuwa daktari akizungumza juu ya polio. Rotary ilikuwa imeahidi mwaka 1985 kusaidia kuufuta ugonjwa huo duniani. Nilisikiliza kwa makini, maana darasani kwangu nilikuwa na mtoto aliyetembelea magongo kwa sababu yake. (Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilipotangazwa kuwa haina tena polio ya virusi vya asili, nilimkumbuka mtoto yule na pia sahani ya wali ambayo mhudumu aliniletea siku hiyo bila mimi kuomba.)

Mkebe ukazunguka, ukafika kwetu. Mume wangu akasimama. Alisema ana shilingi kumi, na kwamba anafurahi kwa kuwa mkewe amemfuata. Kisha akasema Alhamisi tatu alizokosa hakuwa mgonjwa, alikuwa ameketi Nyayo Gardens kwa sababu hana kazi na hana ada. Akatia shilingi kumi mkebeni, akaketi.

Usidhani watu walipiga makofi. Palikuwa kimya, uma zikasimama, na wengine wakatazama sahani zao. Rais aliomba mtu mwingine mwenye furaha asimame, na hakuna aliyesimama. Nilitamani ardhi inimeze. Hatimaye kengele ikapigwa, saa nane kamili, wakatawanyika kama kawaida yao.

Mweka hazina alitungoja mlangoni. Aliuliza kama mume wangu angeweza kuvipitia vitabu vya klabu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa yeye mwenyewe hesabu zilikuwa zimemshinda tangu Julai. "Kwani tulimchukua kiwanda au tulikuchukua wewe?" akamwuliza. Kuhusu ada alisema alipe kidogo kidogo. Hakusema isamehewe. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba laiti wangeisamehe asingerudi.

Hakupewa kazi. Nasema hivi kwa sababu wako wanaoamini kwamba ukiingia klabu hizi mambo yako yananyooka kwa simu moja. Yule mwenye duka la spea alileta vitabu vyake mwezi uliofuata, akilipa kama mteja yeyote, na baadaye mwingine akaleta vya shamba lake. Mwaka wa pili mume wangu alikodi chumba kimoja juu ya duka la dawa, akaning'iniza kibao. Tumelea watoto kwa kibao hicho.

Lakini nilibaki na nung'uniko langu, na bado ninalo. Klabu ya kuwatumikia wananchi inayodai bei ya hoteli kubwa kila wiki inamfungia mlango mwalimu, muuguzi na fundi, na yule fundi cherehani wa mwaka 1905 asingepata kiti humo. Nililisema jambo hilo kwa mume wangu, naye akalipeleka kamatini. Kulikuwa na ubishi mkali. Wapo waliosema heshima ya klabu itashuka. Mpaka rais mpya alipoanza mwaka wake tarehe 1 Julai ndipo ilipokubaliwa kwamba asiyetaka chakula anywe chai tu, bila kuulizwa. Wiki ya kwanza mtu mmoja tu alikunywa chai, mume wangu. Wiki ya tatu walikuwa saba, na mmoja wao ana magari mawili.

Mimi niliingia mwaka 2003, kwa kiti cha elimu ya msingi. Chama changu cha Jumamosi sikukiacha, na ukiniuliza kati ya hivyo viwili ni kipi kingeniona haraka zaidi nikiketi bustanini peke yangu, nitakwambia ni chama. Wale kina mama wasingepiga simu. Wangekuja na uji. Mengi yamebadilika tangu hapo. Tangu 2016 klabu zinaruhusiwa kukutana hata mara mbili tu kwa mwezi, na wakati wa korona mwaka 2020 tulionana kwenye skrini ya simu, kila mtu na sahani yake nyumbani, sajenti akitoza faini kwa M-Pesa. Yetu imeng'ang'ania Alhamisi ya kila wiki. Suti ya kijivu haimtoshi mzee tena, ila viatu bado anavipiga rangi asubuhi na mapema.

Kazi yangu klabuni ni ile meza ya beji. Niliiomba mwenyewe, nao walishangaa, kwa kuwa ni kazi ambayo hupewa wageni. Wakishaingia wote natazama zilizobaki. Alhamisi iliyopita zilibaki mbili. Moja ni ya daktari, tunajua yuko Kisumu kwa bintiye aliyejifungua. Ya pili ni ya kijana mmoja mwenye duka la kompyuta, na hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu. Simu yake inalia tu, haijibiwi. Sikuirudisha sandukuni. Iko hapa mkobani mwangu, na leo jioni, jua likipungua, mzee na mimi tutapita kwake.